Ruhusa ya Kutoka Kundini

Mimi simu yangu hainitawali. Nasema hivyo mapema kwa sababu Garsen imejaa watu wazima wanaotawaliwa. Mwenye duka anamwacha mteja amesimama na sukari mkononi huku yeye anacheka na kioo. Mwanamume mwenye ndevu anavuka barabara ya malori ya Garissa akitazama kidole chake. Mimi ni fundi wa cherehani, jina langu Nyevu, kibaraza changu kiko nyuma ya soko, na mguu wangu ukiwa kazini simu iko ndani ya kopo la vifungo, data imezimwa. Anayetaka nguo yake atakuja kwa miguu.

Nina taratibu zangu. Data naiwasha mara mbili kwa siku, saa saba nikila na jioni nikishaoga. Video nikiona haina mwisho naifunga. Picha za chakula siweki, kwa sababu yuko mwenye njaa atakayeziona, na tena chakula chenyewe kitapoa nikikipiga picha. Picha za ajali sitazami, na anayenitumia namzuia siku hiyo hiyo hata kama ni mzee wa kanisa. Kuandika sipendi. Napenda ujumbe wa sauti, maana mtu akisema hajambo kwa sauti yake nasikia kama kweli hajambo. Na sauti yangu haizidi dakika mbili. Kaka yangu Kazungu, aliyehamia Ozi, hutuma ya dakika kumi na moja, tano za kwanza zikiwa ni upepo na mbuzi. Nilimwambia, Kazungu, mbuzi ninao wangu.

Lakini utaratibu wangu mkubwa, ule ulionipa jina mjini, ni wa kuaga.

Kwetu Wagiriama mtu hatoki kwa watu kimyakimya. Unasema unataka kwenda. Mwenyeji anakuuliza, mbona mapema? Unakaa tena kidogo, mnaongea mambo yale yale, kisha unaomba ruhusa mara ya pili. Hapo ndipo unapewa, na unasindikizwa mpaka njiani. Wapokomo wa mtoni ambao tumeishi nao miaka hii yote nao wana adabu hiyo hiyo. Sasa WhatsApp imekuja na mlango wake: unabonyeza neno moja, jina lako linatokea na neno "ameondoka", basi. Hujamwambia mtu kwaheri. Tangu siku ya kwanza nililiona jambo hilo ni utovu wa adabu na nikasema mimi silifanyi.

Nikawa naaga. Kundi la kwanza kuliaga lilikuwa la harusi ya Cynthia, binti wa jirani yangu, ambaye wakati huo alikuwa tayari na watoto wawili. Nikarekodi sauti: "Hamjambo nyote, wanakamati. Mimi ni Nyevu, niliyeshona gauni la bibi harusi. Harusi ilipita salama, watoto wamepatikana, na mimi naona kazi yetu imekwisha. Naomba ruhusa nitoke." Watu waliamka kama waliomwagiwa maji. Mwenyekiti, ambaye hata siku ya harusi hakuonekana, alijibu kwa herufi kubwa: MBONA MAPEMA MAMA? Nilikaa siku mbili zaidi, kama inavyotakiwa. Wakakumbushana mambo, wakatumiana picha za ile keki iliyoanguka, na jioni ya pili Cynthia mwenyewe akanipa ruhusa kwa wimbo. Nilitoka kichwa juu.

Basi habari ikaenea. Watu wakawa wanakuja kibarazani kuniuliza maneno ya kusema, wengine nikawarekodia mimi. Mchungaji alinitaja kanisani kama mfano wa mtu anayetumia simu kwa heshima, na nilikaa siku hiyo na kitambaa kipya kichwani nikimsikiliza kwa makini sana. Sikatai, nilipenda. Mtu akikusifu kwa jambo unalolifanya vizuri, ukijifanya husikii unamdanganya nani?

Ndiyo maana Dinah aliponinunia sikuelewa.

Dinah ni Mpokomo wa kijiji cha Hewani na ni rafiki yangu tangu wakati nauza mitumba chini, kabla sijapata cherehani. Yeye alikuwa akileta ndizi na maembe, tukashirikiana turubai moja wakati wa mvua, na kutoka hapo hatukuachana tena. Watoto wake wamenikalia mapajani, wangu wamekula kwake. Kwa miaka ishirini na sita hatukuwahi kumaliza wiki bila kusemezana. Mume wake Reuben alipofariki, miaka mitano iliyopita, nilifunga kibaraza nikaenda kulala mkekani pamoja naye usiku tisa. Kama nina dada wa kuchagua mwenyewe, ni huyo.

Kisha mwisho wa mwaka jana, baada ya mvua za vuli, akabadilika. Nikituma sauti anaisikiliza, tiki zinageuka buluu, hajibu. Nikampigia, akapokea akasema, "Niko shambani, Mama Chengo." Chengo ni mwanangu wa kwanza, na mjini nusu ya watu wananiita hivyo. Dinah hajawahi. Kwa Dinah mimi ni Nyevu. Nilikata simu nikakaa nikiitazama.

Mwezi wa pili kwaya ya wanawake wa Hewani walishona sare mpya, na sare hizo zilipita mbele ya kibaraza changu zikaenda kwa fundi mwingine, yule anayeshona mikono mirefu kuliko mikono ya watu. Dinah ndiye anayechagua fundi wa kwaya. Niliposhindwa kuvumilia nikamtumia sauti ndefu ya salamu, nikimuulizia mtu mmoja mmoja, bintiye Hope, wajukuu, mguu wake unaouma, mpaka kuku. Alinijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba cha manjano! Nilichomwa nacho moyoni, na siku hiyo nilivunja sindano tatu.

Nilijipekua. Nikafikiri labda ni lile gauni nililolionyesha kwenye status, la mjane wa Ngao aliyeolewa tena, labda Dinah alidhani namsema yeye. Nikaliondoa. Nikafikiri labda nilisahau siku ya kuzaliwa ya mjukuu. Nikatuma picha ya keki, mimi nisiyetuma picha za chakula. Hakuna kitu. Miezi minne nikawa naenda kulala najua rafiki yangu ana kisa na mimi na kisa chenyewe sikijui. Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa moja: kwamba nimempoteza Dinah, na hatasema kwa nini.

Danson alikuja kibarazani Jumatatu moja ya mwezi wa nne na suruali mbili za kupunguza kiuno. Danson ni mpwa wa marehemu Reuben, anafundisha shule ya msingi, na ndiye aliyeshughulika na mambo yote ya msiba ule. Nilimsimamisha, nikamchomeka pini kiunoni, kisha nikamuuliza.

"Danson, simama usitikisike. Nimemkosea nini anti yako?"

"Mimi sijui, mama."

"Wajua. Sura yako yasema wajua. Na pini ziko hapo, kwa hivyo nijibu vizuri."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Anti anasema ulimwacha msibani."

Nilitema pini zilizokuwa mdomoni. "Mimi? Usiku tisa! Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukituletea chai asubuhi. Nilimwacha saa ngapi?"

"Si yale matanga, mama. Ile grupu ya mjomba. Anasema ulitoka."

Nilimwambia hiyo haiwezekani, mimi sitoki grupu, muulize mtu yeyote hapa sokoni. Nikaitoa simu kwenye kopo, nikawasha data saa nne asubuhi, jambo nisilolifanya. Kundi lile nilikuwa nalijua kwa picha yake: Reuben amevaa tai ya rangi ya damu ya mzee, ile picha ya kitambulisho cha kanisa. Danson alilifungua siku Reuben alipofariki, tukaingizwa watu mia moja hamsini na nne. Maiti haijapoa kaburini watu wakaanza kutoka. Ameondoka, ameondoka, ameondoka. Nilikuwa nikiyaona na nikiwatukana moyoni. Mimi nikabaki. Kuomba ruhusa nisingeweza, maana unamwomba vipi mjane ambaye bado macho yamevimba? Nikasema nitaomba baadaye. Baadaye kundi likanyamaza, na mimi, niseme ukweli, nikalisahau.

Nilitafuta juu mpaka chini. Tai haikuwako.

Hapo nikamkumbuka Jasper. Jasper ni fundi simu, mtu mzima mwenye watoto watatu, kibanda chake kiko karibu na steji. Mwezi wa kumi na moja simu yangu ilikuwa inaganda kila mara nikiigusa, nikampelekea. Akaifungua akatikisa kichwa. "Mathe, hii simu imejaa hadi haipumui. Uko na grupu sitini na mbili, na nyingi zimekufa kitambo. Nitoe zile hazijaongea mwaka mzima?"

Na nakumbuka nilichomjibu, kwa sababu jibu lenyewe lilinipendeza. Nilimwambia, "Toa. Mahali hapana mtu wa kuniruhusu, nimuage nani?"

Alicheka, nikacheka, akatoa. Niliona kundi lililonyamaza ni nyumba ambayo watu walishahama. Sikuuliza majina. Kosa si la Jasper, yeye aliuliza na mimi nikajibu, tena kwa madaha.

"Danson," nikasema, "wewe ulibaki mpaka lini?"

Alitazama cherehani. "Mimi nilitoka mwaka ule ule, mama. Simu yangu ilikuwa ndogo."

"Wewe uliyeifungua?"

"Tulitoka sote. Anti anasema mlibaki wawili, wewe na yeye. Miaka mitatu na kitu."

Nilimwambia avue suruali aende zake, arudi kesho kutwa. Nilikaa pale nikiona aibu mpaka masikio yakapata moto. Watu wakipita wananisalimia, mama, habari ya kazi, nami nawaitikia, na kila aliyenisalimia nilimwona kama anajua.

Jambo la kwanza nililolifanya ni lile ninaloliweza. Nilichukua simu nikarekodi sauti ya kumwomba Dinah msamaha. Dakika moja na sekunde hamsini. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na mahali sauti inakatika kidogo, na mwisho wenye upole. Nikaisikiliza mara ya pili. Nikaisikiliza ya tatu, na nikajikuta natikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliye kanisani. Nikaifuta. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe, na Dinah hakuwemo humo kabisa.

Nilifunga kibaraza. Nikanunua kilo mbili za sukari na majani ya chai, vile mtu anavyobeba akienda msibani, nikamwita Uledi wa bodaboda anipeleke Hewani. Uledi ni mwongeaji. Siku hiyo nilimwambia anyamaze na atazame mashimo, akanyamaza mpaka tukafika.

Dinah alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Aliinua macho, akayarudisha kwenye mchele.

"Karibu, Mama Chengo."

Akanyoosha mkono akanivutia kiti cha plastiki. Kiti! Nyumba ile mimi hukaa mkekani, nanyoosha miguu, naomba maji bila kusema tafadhali. Nilikaa kwenye kiti kama bwana wa sensa na sukari yangu miguuni.

"Nimekuja kwa habari ya grupu," nikasema.

"Grupu gani? Mimi sina grupu. Niko peke yangu."

Nikaanza kumweleza. Simu ilikuwa inaganda, Jasper alisema imejaa, zilikuwa sitini na mbili. Nilikuwa naongea vizuri, maana kuongea kwangu si kazi. Dinah aliinua mkono wenye mchele.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi maliza, kisha uende. Nataka kupika."

Niliona nikiendelea na Jasper nitaondoka hapo bila rafiki, na nitakuwa nimejitakia.

"Nimekosa, Dinah," nikasema. "Aliniuliza kama atoe, nikasema toa. Sikukukumbuka. Nilisahau kwamba uko humo. Hakuna lingine, ni hilo tu."

Aliuweka ungo chini. Akajipangusa vumbi la mchele vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Unajua mimi jioni huenda wapi?" akauliza. "Muulize mtu yeyote hapa. Nikishaosha vyombo napanda pale kwenye tuta la ule mfereji wa zamani, ndipo mtandao unashika. Nafungua. Namtazama Reuben na tai yake. Kisha natazama pale chini ya jina, imeandikwa watu wawili. Siandiki kitu. Wewe huandiki kitu. Nasema, haya, Nyevu yuko. Nashuka, nalala. Kila siku, Nyevu, hata siku za mvua. Siku hiyo napanda nakuta imeandikwa umeondoka. Nikadhani simu imeharibika. Nikaizima nikaiwasha. Nikasema labda kesho itarudi sawa."

Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Hao wengine sikuwalilia. Mia na hamsini wamekwenda zao, nikasema watu wana mambo yao. Lakini wewe! Wewe unayefundisha kila mtu kuaga! Mchungaji anakutaja madhabahuni, mimi nimekaa benchi la tatu nasikia. Wanakamati wa harusi umewaaga mpaka wakakuimbia. Mimi mwenye msiba umenitoka bila neno. Ningekukatalia nini? Kama ungesema, Dinah, nimechoka, ningekwambia nini mimi?"

Nilishuka kwenye kile kiti nikakaa chini kwenye udongo, na machozi yakaanza kunitoka bila mimi kuyaita, nikamwambia, "Sina la kusema. Una haki ya kunichukia."

"Sikuchukii," akasema kwa hasira. "Ningekuchukia ningelala vizuri."

Kuku walikuja wakala mchele ulioanguka na hakuna aliyewafukuza. Kisha Dinah akasimama, akafunga leso yake upya kiunoni.

"Beba huo mkeka."

"Twaenda wapi?"

"Beba mkeka, Nyevu."

Nilibeba. Tulipita nyuma ya nyumba, tukapita migomba yake, tukapanda tuta. Juu pale kuna upepo, na unaona mashamba mpaka mtoni na msitu wa ng'ambo. Alinionyesha mahali pa kutandika, mahali penyewe nyasi zimelala kwa kukaliwa. Nilipaona nikajua ni hapo. Tukakaa, yeye akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaanza kubonyeza akiwa amekunja uso.

"Fungua hiyo data yako, malkia," akasema.

Nikafungua. Simu ikalia. Dinah amekuongeza. Reuben akatokea na tai yake, ananitazama kama jana, na chini ya jina lake pakaandikwa watu wawili. Nilifurahi mno. Nikafungua mdomo nimshukuru.

"Nyamaza," akasema. "Sijakurudisha ili ukae. Nimekurudisha kwa sababu nahitaji mwenyeji."

Sikuelewa.

"Kila aliyetoka humu angeweza kuniomba mimi ruhusa," akasema, na sasa hakuwa na hasira tena, alikuwa kama mtu aliyetembea mbali. "Hawakuomba, lakini wangeweza. Mimi nikitaka kutoka namwomba nani? Mimi ndiye mwenye msiba. Hope ananiambia, mama, funga hiyo kitu. Nafunga vipi? Niondoke tu, nimwache Reuben hapo peke yake, kama walivyofanya wao? Wewe ulipokuwepo nilikuwa nasema, siku moja nitamwomba Nyevu. Yeye anajua mambo haya. Kisha ukaondoka."

Akaileta simu mdomoni, akabonyeza pale pa sauti. Alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi, lakini aliongea akitazama mtoni, kwa sauti ya mbele ya watu.

"Hamjambo nyote. Mimi ni Dinah, mke wa Reuben. Nimekaa hapa tangu siku ya kwanza. Nimelia, nimelima peke yangu, nimemwoza mtoto peke yangu. Maji yalikuja yakachukua migomba, nikapanda mingine, imezaa. Reuben sijamsahau na sitamsahau. Lakini nimechoka kukaa msibani. Naomba ruhusa nitoke."

Akaachia kidole. Ikalia kwangu. Nikaifungua, nikaisikia tena yote, Dinah ameketi kando yangu amefumba mdomo na sauti yake inatoka mkononi mwangu.

Desturi yataka mwenyeji aseme kwanza, mbona mapema. Sikuweza kulisema. Miaka mitano si mapema. Nilibonyeza pale pa sauti, mimi ninayewarekodia wengine kwaheri zao, na sekunde nyingi zikapita zikiwa upepo mtupu. Ningemcheka mtu mwingine.

"Umekaa vya kutosha, dada," nikasema mwishowe. "Ruhusa umepewa. Nenda."

Dinah aliisikiliza mara mbili. Mara ya pili aliisogeza simu sikioni. Kisha akabonyeza, simu ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Kwangu pakaandikwa Dinah ameondoka, na chini yake kwamba sasa mimi ndiye msimamizi. Mtu mmoja.

"Na wewe?" akaniuliza. "Utatokaje, na hakuna wa kukuruhusu?"

"Mimi nakaa," nikamwambia. "Nitakuwa nafungua jioni nikishaoga. Sina haraka."

Alinitazama, uso wake ukavunjika. Hakulia kile kilio cha kujizuia cha watu wenye simu mkononi. Alilia kwa sauti, kile cha siku ya kwanza, mikono kichwani, na mimi nikamshika nikalia naye, wanawake wawili wazima juu ya tuta mchana kweupe. Nadhani tulisikika mpaka mtoni. Sikujali ni nani anatuona.

Truphena, jirani yake, alikuja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, anahema. "Kuna nini? Nani amekufa?"

Dinah alijipangusa uso kwa pindo la leso.

"Reuben," akasema.

Truphena alinitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akaliweka jembe chini, akavua ndala zake, akaketi nasi mkekani.